Mpangaji Mwenye Deni

Mtu apitaye siku hizi pembezoni mwa mji wa Singida, upande wa Mandewa au Misuna au kuelekea Mtipa, huona nyumba ambazo hazikujengwa kwa ajili ya jamaa moja. Ni nyumba ndefu, zenye milango sita au minane iliyopangwa kwa safu, kila mlango na dirisha lake, na choo kimoja au viwili nyuma uani. Wenye kuzijenga si matajiri. Wengi wao ni walimu waliostaafu, wauguzi, madereva, makarani, wajane waliouza ng'ombe, na wakulima wa alizeti na vitunguu ambao mwaka mmoja wa neema ulipowajia walinunua bati kabla fedha haijawaponyoka. Hawa ndio wenye nyumba wapya wa Singida. Leo twataka kusema nao juu ya jambo moja linalowasumbua hata kabla rangi ya ukuta haijakauka. Ajapo mtu kutaka chumba, na ikajulikana kwamba mtu huyo ana madeni, afanywe nini?

Shauri linalotolewa vijiweni na kwa madalali ni fupi: mwenye deni asipewe chumba. Husemwa kwamba mtu aliyeshindwa kumlipa mkopeshaji hatamlipa mwenye nyumba, na kwamba akija leo na godoro lake, kesho watakuja wadai wake na gari la kulichukua. Wengine huongeza kwamba dawa ni kutaka kodi ya mwaka mzima mbele, ili asiye na fedha ajichuje mwenyewe. Sisi twaona kwamba shauri la kwanza lina kosa, na la pili lina kosa kubwa zaidi. Lakini kabla ya kueleza sababu zetu yatupasa kumtendea haki mwenye nyumba, maana hofu yake ni ya kweli.

Tumchukue mstaafu aliyetumia kiinua mgongo chake kujenga vyumba sita, naye hupangisha kila kimoja kwa shilingi 40,000 kwa mwezi. Wapangaji wawili wakikaa miezi minne pasipo kulipa, amekosa shilingi 320,000. Kwa shirika kubwa lenye majumba mamia hiyo ni hesabu ndogo. Kwake yeye ni ada ya mjukuu, ni dawa za shinikizo la damu, ni rejesho la SACCOS alikokopa fedha za saruji ya mwisho. Naye hana wakili, wala hana karani wa kukusanya kodi. Ana daftari la shule na kalamu, na haya ya kugonga mlango wa kijana anayemwamkia kila asubuhi. Mtu wa namna hii kumwita kabaila ni kutumia neno kubwa mahali pasipofaa. Ni mfanyakazi ambaye jasho lake la miaka thelathini limesimama pale kama kuta na bati.

Basi anayo haki ya kuuliza. Hapana asemaye kwamba afungue mlango kwa kila ajaye. Neno letu ni juu ya kile anachouliza, na hapo twamwomba ajitazame kwanza yeye mwenyewe. Huyo mstaafu tuliyemtaja ana deni la SACCOS. Pengine ana deni la duka la vifaa vya ujenzi pia, na fundi wa milango bado anamdai kiasi. Kama angesafiri kesho kwenda Dodoma kutafuta chumba karibu na hospitali, akakutana na mwenye nyumba afuataye shauri la madalali, angerudishwa mlangoni. Je, yeye ni mtu asiyeaminika? Jirani zake wote watasema la. Tena ni deni hilo hilo lililojenga nyumba anayoipangisha.

Neno "deni" limekuwa gunia linalotiwa kila kitu. Yafaa tulimwage chini tuone kilichomo.

Kuna mwalimu kijana aliyepangiwa shule Mkalama au Ikungi, aliyesoma chuo kwa fedha za Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Mwajiri wake hukata asilimia 15 ya mshahara wake kila mwezi na kuipeleka Bodi. Ukiitazama hati yake ya mshahara utamwona ni mdaiwa wa mamilioni. Lakini deni hilo halingoji yeye aamue kulilipa, kwani hukatwa kabla hajaushika mshahara mkononi. Kwa mwenye nyumba, deni la namna hiyo si dalili mbaya hata kidogo. Ni ushahidi kwamba mtu huyu ana ajira, na kwamba mshahara wake unapita benki tarehe zinazojulikana. Hali kadhalika mtumishi aliyekopa benki kwa dhamana ya mshahara. Utumishi wa umma una kanuni kwamba makato yote yasimwache mtumishi na pungufu ya theluthi moja ya mshahara wake. Swali la maana kwa mtu huyo ni kiasi gani kinabaki kila mwezi, na kama kinabaki cha kutosha chakula na pango.

Kuna kijana wa bodaboda aendeshaye pikipiki kwa mkataba, yaani humpelekea mwenye pikipiki fedha kila siku au kila juma mpaka chombo kiwe chake. Huyu naye ni mdaiwa. Lakini kama amepeleka hesabu kwa miezi kumi pasipo kukosa, amekwisha kuonyesha tabia ambayo mwenye nyumba anaitafuta. Hapana haja ya kumpima kwa njia nyingine. Aulizwe mwenye pikipiki.

Na kuna wale ambao habari zao ni za huzuni. Tunasema juu ya mikopo ambayo wananchi wenyewe wameipa jina la "kausha damu". Mama muuza mboga huchukua shilingi laki moja leo, na kuanzia juma lijalo hudaiwa rejesho lenye riba isiyolingana na faida ya nyanya wala ya mchicha. Akikosa rejesho moja hutozwa faini, na ili alipe faini hukopa kwa mwingine. Mwisho huja vijana kubeba kitanda na jiko la gesi mbele ya watoto. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliwaweka wakopeshaji hawa chini ya uangalizi wa Benki Kuu, na Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa na programu 69 za simu zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Waliokopa huko wanajua walivyotendewa: ujumbe wa kuwaaibisha ulipelekwa katika simu za ndugu, za wakubwa wa kazi, hata za watu waliobakiza majina yao tu katika simu ya mdaiwa. Mtu aliyetendwa hivyo na mkopeshaji asiye na leseni, akija kutafuta chumba, twaona si haki madeni hayo peke yake yawe sababu ya kumnyima.

Tena katika fungu hili wanawake ni wengi, na yako mambo yao ambayo hayaandikwi katika hati yoyote. Mkopo wa kikundi umechukuliwa kwa jina la mke, fedha zimekwenda mkononi mwa mume, na mume amekwenda zake. Mwanamke huyo akifika mlangoni pa nyumba mpya huulizwa maswali mawili pamoja: "Una deni?" na "Mumeo yuko wapi?" Swali la pili halihusu kodi. Mwenye nyumba anayetaka kujua kama chumba kitalipiwa hana haja nalo, na tunawasihi wenye nyumba waliache.

Hapa Singida kuna jambo jingine ambalo mgeni wa mkoa huu hulisahau. Fedha zetu zina msimu. Alizeti huvunwa katikati ya mwaka, na mashine za kukamua mafuta huunguruma tangu hapo hadi mbegu zinapokwisha ghalani. Mpakiaji wa magunia, fundi wa mashine, mama lishe aliye nje ya kiwanda, mwenye mkokoteni, wote hawa wana fedha mwezi wa Agosti na hawana mwezi wa Machi. Mwaka 2023 bei ya alizeti ilianguka wakati mafuta ya kula ya kutoka nje yalipokuwa yamejaa sokoni, na kilio kikasikika kutoka Iramba hadi Manyoni. Mwaka ule wako watu waaminifu waliochelewesha kodi, ada na michango ya kanisa na msikiti kwa pamoja. Mwenye nyumba akiangalia daftari la mwaka ule peke yake atadhani mtaa mzima ni wa walaghai, kumbe ni gunia la alizeti tu lililokosa bei.

Sasa tuje kwenye hiyo dawa ya kodi ya mwaka mzima, maana twaiona ndiyo inayoongeza ugonjwa.

Chumba cha shilingi 40,000 kwa miezi kumi na miwili ni shilingi 480,000. Dalali hutaka kodi ya mwezi mmoja kwa kazi yake, basi jumla yafika shilingi 520,000, na bado mpangaji hajanunua kitasa wala hajaweka umeme katika LUKU. Tunakumbuka kwamba sherehe za kitaifa za Mei Mosi mwaka 2025 zilifanyika hapa hapa Singida, na siku hiyo wafanyakazi walitangaziwa kwamba kima cha chini cha mshahara katika utumishi wa umma kitapanda kutoka shilingi 370,000 hadi shilingi 500,000 tangu Julai ya mwaka huo. Shangwe ilikuwa kubwa, na ilistahili. Lakini linganisha hesabu hizo mbili. Mtumishi wa kima cha chini, hata baada ya nyongeza ile, hata asipokula wala asipopanda basi, mshahara wake wa mwezi mzima hautoshi kumfungulia mlango wa chumba kimoja. Na wako wengi nje ya serikali, wa dukani, wa mashineni na wa majumbani, wanaopata pungufu ya hapo.

Basi fedha hizo atazitoa wapi? Wengine hupewa na ndugu, na wengine huuza mbuzi kijijini. Lakini wengi huenda kwa yule yule mkopeshaji wa kausha damu, wakachukua fedha za mwaka mzima wa pango kwa riba ya kila juma. Kwa hiyo mwenye nyumba anayetaka mwaka mzima mbele ili kuwakwepa wenye madeni, huwageuza kuwa wenye madeni siku ile ile wanapohamia. Hakuyaona madeni yalipokuwa yakiingia, ila atayaona mwezi wa kumi na tatu.

Na hata kama mpangaji hakukopa, mwenye nyumba amepata nini katika mwaka huo? Amepata fedha, hilo ni kweli, na pengine amezitumia kuezeka nyumba ya pili. Lakini hajapata kumjua mpangaji wake. Kwa miezi kumi na miwili hakumuuliza kodi hata mara moja. Hajui kama ni mtu wa tarehe moja au wa tarehe ishirini, kama husema mapema anapokwama au hujificha. Alipaye kila mwezi hujulikana katika miezi mitatu; aliyelipa mwaka mzima mbele, baada ya mwaka huo bado ni mgeni.

Kuna wakati mambo haya hayakuachiwa watu wawili mlangoni. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha, pamoja na kukatazwa hisa katika makampuni na mishahara miwili. Mwaka 1971 serikali ilitwaa majumba ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba, na mwaka 1990 yakaunganishwa na yale ya Shirika la Nyumba la Taifa. Sheria ya kudhibiti kodi ya mwaka 1984 iliweka mabaraza ya kupima kodi na kumlinda mpangaji asitolewe ovyo. Kisha mambo yakageuka. Mwaka 1991, kule Zanzibar, masharti ya uongozi yalilegezwa, na mwaka 2005 sheria ile ya kodi ikafutwa. Tangu hapo kodi ni maafikiano ya mwenye nyumba na mpangaji, chini ya sheria ya ardhi na ya mikataba.

Hatuyaandiki hayo ili kumsuta aliyejenga. Wala hatusemi sheria ya 1984 irudishwe kama ilivyokuwa, maana zilikuwako nyumba zilizoachwa zikachakaa kwa kuwa kodi yake haikutosha hata chokaa. Tunayataja ili ieleweke kwamba kazi iliyokuwa ya baraza, ya kupima lililo haki kati ya pande mbili, sasa imemwangukia mwalimu mstaafu mwenye daftari la shule. Hakufundishwa kazi hiyo. Dalali ndiye anayemfundisha, na dalali hulipwa chumba kikijaa, asiumie kikikosa kodi.

Katika nchi nyingine kazi hii wamekabidhiwa watunza kumbukumbu za mikopo. Marekani mwenye nyumba hulipa kiasi, akaletewa hesabu ya tarakimu tatu inayosema mtu huyu hulipa madeni au halipi. Lakini hata huko, sheria yao ya mwaka 1970 humlazimisha anayemkatalia mtu kwa sababu ya taarifa hizo amwambie, na amtajie zilikotoka, ili mtu huyo azisome na kusahihisha uongo uliomo. Jirani zetu wa Kenya walikwenda mbali katika kuandikisha wadaiwa, hata mwaka 2020 kanuni mpya zikakataza mtu kuandikwa vibaya kwa deni lisilofika shilingi 1,000 za kwao, kwa sababu watu walikuwa wakinyimwa mambo makubwa kwa ajili ya mkopo wa simu wa thamani ya mkate na maziwa. Hapa kwetu Benki Kuu ilitoa kanuni mwaka 2012 za taasisi za kutunza taarifa za mikopo, nazo zipo na zinafanya kazi. Zimewekwa hasa kwa ajili ya benki na wakopeshaji. Siku wenye nyumba wa Singida watakapoanza kutaka karatasi hizo, tunaomba wakumbuke mkasa wa Wakenya.

Lakini mpaka leo mwenye nyumba wetu hana karatasi hiyo, na twaona haihitaji sana. Anayo njia iliyo karibu zaidi.

Swali lake la kwanza lisiwe "Una deni?" Swali hilo huwakamata wasemao kweli na kuwapitisha waongo. Aulize: "Ulikokuwa unaishi kabla ya hapa, kodi ulilipaje?" Siku hizi watu wengi hulipa pango kwa simu, na ujumbe wa malipo hubaki. Mpangaji aliyelipa kwa simu aweza kuonyesha miezi sita au kumi kwa dakika mbili, na humo mwenye nyumba ataona tarehe kwa macho yake. Asiyelipa kwa simu aonyeshe stakabadhi, au ataje mwenye nyumba wa zamani. Hapa tunatoa tahadhari tuliyojifunza kwa kusikiliza mashauri ya watu: usitegemee sana neno la mwenye nyumba anayekaa naye sasa. Anayetaka kumwondoa mpangaji mbaya humsifu, na asiyetaka kumpoteza mpangaji mzuri hukuna kichwa. Mwulize yule wa kabla yake, ambaye hana tena faida wala hasara.

Swali la pili ni la kipato na wakati wake. Mfanyakazi wa mshahara alipe kila mwezi baada ya mshahara. Mtu wa msimu asilazimishwe kalenda ya mtu wa ofisini. Akubaliane na mwenye nyumba kulipa zaidi miezi ya mavuno na kidogo miezi ya kiangazi cha mfuko, ila iandikwe. Tumewahi kuona maafikiano ya namna hiyo yakidumu miaka, na tumewahi kuona mengine mazuri zaidi yakivunjika mwezi wa pili kwa sababu yalisemwa tu barazani na hayakuandikwa.

Kisha lije deni lenyewe. Mtu aseme anadaiwa nini, na nani, na hulipa kiasi gani kila mwezi. Kwa maoni yetu jambo kubwa hapa ni namna anavyolieleza, kuliko ukubwa wa hesabu yake. Asemaye, "Mzee, shikamoo, nina mkopo wa kikundi, nimebakiza miezi minne, na kitabu changu hiki hapa," amemwonyesha mwenye nyumba kwamba siku atakapokwama atakuja kusema. Mwenye kuficha, kisha wadai wakamfuata juma la pili, huyo ndiye wa kuogopwa, hata kama deni lake lilikuwa dogo.

Pakiwa na mashaka, iko njia kati ya kukataa na kukubali. Mkataba wa miezi mitatu badala ya mwaka. Mdhamini mmoja mwenye kazi inayojulikana, aliyeambiwa wazi anadhamini nini. Dhamana ya mwezi mmoja, iandikwe kwamba ni dhamana na kwamba itarudishwa mpangaji akitoka bila kuharibu wala kudaiwa. Uingereza sheria ya mwaka 2019 ilizuia dhamana ya nyumba za kawaida isizidi kodi ya majuma matano. Sisi hatuna sheria hiyo, lakini hatuoni kwa nini mwenye vyumba sita wa Misuna atake zaidi ya hapo. Akitaka zaidi, isiitwe dhamana. Wazee walikuwa na jina lake: kilemba.

Na yale aliyoyasikia ayatunze. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kazi mwaka 2023, na iko Tume ya kuisimamia. Hata kama mwenye nyumba hajaisoma, maana yake ni nyepesi: habari za deni alizopewa kwa ajili ya chumba zisiwe mazungumzo ya kijiweni, wala nakala ya kitambulisho cha mtu isitumwe katika kundi la WhatsApp la wenye nyumba pamoja na maneno "huyu msimpokee". Mtu akikosea, kuna mahali pa kumshitaki. Baraza la Kata, tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, kazi yake ni kupatanisha, nalo lina siku 30 za kufanya hivyo. Upatanisho ukishindikana shauri huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Njia hiyo ina hatua zake, twakiri. Lakini kung'oa mlango wa mpangaji au kumkatia umeme usiku ni kumpa mdaiwa kesi dhidi ya mdai.

Hatuwezi kuyaweka kalamu chini haya pasipo kusema na wapangaji, wengi wao wakiwa wasomaji wetu. Katika kutetea wenye madeni hatutetei wanaohama usiku. Yuko mtu ambaye amekwisha kukaa nyumba tano katika mji huu, kila moja akiacha kodi ya miezi mitatu na LUKU imekauka, na kila mahali akijitambulisha kwa kazi mpya. Mtu huyo hakulemewa na riba wala bei ya alizeti. Ndiye anayewafanya wenye nyumba watake mwaka mzima mbele, na wanaolipia ujanja wake ni mwalimu mgeni na mama wa mboga. Mfanyakazi akikwama kodi aseme kabla ya tarehe, si baada yake. Apeleke nusu kama ana nusu. Na asione aibu kwenda na jirani mmoja kama shahidi. Tumesikia wenye nyumba wengi wakisema kwamba walichokasirikia hakikuwa ule mwezi mmoja, ilikuwa ni mlango uliofungwa kwa ndani huku redio ikisikika.

Limebaki jambo dogo ambalo ofisi za mitaa zingeweza kulianza mwezi ujao bila kungoja bajeti. Desturi yetu ya tangu enzi za mabalozi wa nyumba kumi ni kwamba mgeni hufika na barua ya utambulisho kutoka alikotoka. Barua hiyo siku hizi husema jina, mtaa na muhuri, basi. Tunashauri mpangaji anayehama apewe na mwenye nyumba wake barua nyingine, fupi, ya kodi tu, na mwenyekiti wa mtaa aigonge muhuri pande zote mbili zikiwa mbele yake. Isiwe na sifa wala matusi. Iandike miezi aliyokaa, kodi aliyolipa, na kama anadaiwa. Kwa mwenye nyumba mpya wa Mandewa, barua isemayo "alichelewa miezi miwili mwaka 2023, akalipa yote kufikia Septemba" ni habari bora kuliko yote atakayoambiwa na dalali, na aliyeibeba aweza kuitoa mfukoni bila kutazama chini.